Usiniulize Ipi Ina Kasi: Hotuba Kuhusu Rantaimu za JavaScript

Ndugu mwenyekiti, ndugu watengeneza programu wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha.

Kabla sijafika hapa mbele nimeulizwa mara tatu swali lilelile: kati ya Node, Deno na Bun, hizi programu zinazoendesha msimbo wa JavaScript nje ya kivinjari, ipi ina kasi zaidi? Wa tatu alikuwa ameshashika simu, anangoja nitaje jina moja, aliandike, aondoke. (Kicheko.) Nikamwambia akae kwanza. Swali lake linachukulia kwamba hawa wote ni farasi wa mbio moja. Mimi naona kila mmoja amefungwa kwenye zizi lake, na ukitaka kuwalinganisha uanze kwa kuuliza kila zizi linakunyima nini.

Fungueni waraka wa ECMA-262, ambao ndio sheria rasmi ya lugha yetu, JavaScript. Tafuteni humo console.log, amri ya kuandika ujumbe. Haimo. Tafuteni setTimeout, ya kupanga kazi ifanyike baadaye. Haimo. Kusoma faili, kufungua muunganisho wa mtandao, kuandika neno moja kwenye skrini, hakuna hata kimoja. Waraka wenyewe unakiri kwamba lugha hii haikukusudiwa kujitosheleza, na kwamba haina utaratibu wowote wa kupokea data kutoka nje wala wa kutoa majibu. JavaScript tupu inajua kujumlisha, kupanga orodha na kuita funksheni. Mdomo haina, masikio haina. Anayeipa lugha vitu hivyo, waraka unamwita mwenyeji, na neno hilo nalipenda sana, kwa sababu mgeni hula alichoandaliwa na mwenyeji.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Kuna injini, yaani kile kinachotekeleza lugha: V8, JavaScriptCore, SpiderMonkey, QuickJS, Hermes. Halafu kuna rantaimu, yaani injini pamoja na nyumba nzima iliyojengwa kuizunguka: milango, madirisha, jiko na kufuli. Kuna majaribio ya pamoja yanayoitwa Test262, makumi ya maelfu, yanayopima kama injini inafuata sheria ya lugha. Injini inaweza kuyapita karibu yote na bado programu yako ikagoma siku ya kwanza, kwa sababu majaribio yale yanapima lugha, na programu yako inaishi kwenye nyumba.

Niwape mfano unaonichekesha mpaka leo. Ukiita setTimeout kwenye kivinjari unarudishiwa namba. Ukiiita kwenye Node unarudishiwa kitu kizima chenye mbinu zake, na mojawapo ni unref, inayosema: saa hii isiizuie programu kufunga. Mimi niliwahi kuandika maktaba ndogo, nikaweka unref mahali, ikafanya kazi miezi mingi kwenye seva. Mwenzangu akaichukua kuitumia kwenye ukurasa wa wavuti. Ikaanguka papo hapo, maana namba haina unref. Lugha ileile, jina la funksheni lilelile, wenyeji wawili. Kosa lilikuwa langu: nilidhani niliandika JavaScript, kumbe niliandika Node.

Tuipitie historia kwa haraka, maana mnaijua. Brendan Eich aliitengeneza lugha hii mwaka 1995 pale Netscape, kwa siku kumi, na mwenyeji wake wa kwanza alikuwa kivinjari. Mwaka 2008 Google ikatoa V8 pamoja na Chrome, chanzo chake kikiwa huria. Mwaka 2009 Ryan Dahl akaitoa V8 ndani ya kivinjari na kuijengea nyumba ya seva, ndiyo Node. Kinachosahaulika ni kwa nini alichagua JavaScript. Hakuichagua kwa uzuri wake. Lugha nyingine zote zilikuwa na mazoea ya zamani ya kusoma faili kwa kusimama na kungoja. JavaScript haikuwa na mazoea yoyote, kwa kuwa haikuwa na njia ya kusoma faili kabisa. Ulikuwa uwanja mtupu. Upungufu wa lugha ndio uliomvutia mjenzi.

Akajenga juu yake mzunguko wa matukio. Uzi mmoja unaendesha msimbo wako. Ukihitaji data kutoka mtandaoni, ombi linakabidhiwa kwa tabaka la chini, ambalo leo ni maktaba ya libuv, na uzi wako unashughulikia mengine mpaka jibu lirudi. Ndiyo sababu mchakato mmoja unaweza kushika maelfu ya miunganisho. Na ndiyo sababu hesabu moja nzito inawasimamisha watu wote foleni. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu nimewaona watu wakihama kutoka Node kwenda Bun au Deno wakitumaini kwamba tatizo hilo litabaki nyuma. Haliwezi kubaki. Nyumba zote tatu zina mzunguko wa matukio, na kitanzi kizito kinaziba mlango kwenye zote. Dawa ni kuhamishia hesabu kwenye mfanyakazi wa pembeni mwenye uzi wake, na dawa hiyo ipo hapohapo ulipo.

Sasa Deno. Mwaka 2018, Dahl huyohuyo alisimama mbele ya mkutano Berlin akaorodhesha mambo kumi anayojutia kuhusu Node. Nawaomba muitafakari hali hiyo: mtu amejenga nyumba, dunia nzima imehamia, naye anasimama mlangoni anawaambia wapangaji kwamba msingi umepinda. (Kicheko.) Jutio lililozaa matunda zaidi, kwa maoni yangu, ni la usalama. V8 yenyewe ni sanduku lililofungwa vizuri, ilizaliwa kuendesha msimbo wa watu usiowajua. Node iliposhika V8 ikatoboa sanduku pande zote: kila kifurushi unachosakinisha, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, kinaweza kusoma faili zako zote na kuzungumza na mtandao wowote.

Deno, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2020 na kuandikwa kwa lugha ya Rust juu ya V8 ileile, inaanza na mlango uliofungwa. Programu ikitaka kusoma folda, unaitajia folda hiyo kwa --allow-read. Ikitaka mtandao, unaitajia anwani kwa --allow-net. Hapa mwenyeji anakunyima kwa makusudi, na kunyimwa huko ndiko unakokwenda kukutafuta.

Je, ni anasa? Mwaka 2018 kifurushi maarufu cha npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, kiitwacho event-stream, kilikabidhiwa kwa mtunzaji mpya, naye akaingiza msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali. Septemba 2025 mdudu, yaani programu hasidi inayojisambaza, aliyepewa jina la Shai-Hulud alisambaa kwenye npm akiiba funguo za siri za watengenezaji na kuzitumia kuambukiza vifurushi vyao vingine. Mlango wake ulikuwa hati ndogo inayojiendesha yenyewe wakati wa kusakinisha. Deno haiendeshi hati hizo mpaka uiruhusu. Bun nayo haiendeshi hati za vifurushi visivyo kwenye orodha ya vinavyoaminika. Kwenye npm, mazoea ya miaka mingi yalikuwa kuziendesha zote bila kuuliza.

Lakini nisiwauzie kinga hii kana kwamba ni kamili. Ruhusa za Deno ni za mchakato mzima. Ukiiruhusu programu yako kusoma folda ya siri, kila kifurushi kilichomo ndani yake kimeruhusiwa pia. Ukitoa --allow-run, programu inaweza kuwasha programu nyingine, na hiyo nyingine haifungwi na kufuli zako. Halafu kuna herufi moja, -A, inayoruhusu kila kitu. Mtu anaichoka foleni ya ruhusa siku ya pili, anaandika -A, anaendelea na maisha. Amenunua kufuli, akaacha funguo mlangoni. Node nayo siku hizi ina mfumo wa ruhusa kwa bendera, yaani neno la ziada kwenye amri, ya --permission, lakini wewe ndiye wa kukumbuka kuiwasha, na tofauti kati ya kufuli unayoiwasha na kufuli unayoizima ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Bun. Jarred Sumner aliiandika kwa lugha ya Zig, akaachana na V8, akachukua JavaScriptCore, injini ya Apple iliyomo kwenye Safari. Toleo la 1.0 lilitoka Septemba 2023. Ahadi yake ni kwamba zana zote zimo kwenye programu moja: kisakinishi cha vifurushi, kiendesha majaribio, kifungasha msimbo, hata hifadhidata ndogo ya SQLite. Na inawaka haraka mno.

Hapa niwasimulie aibu yangu. Niliandika seva ndogo inayojibu neno moja, nikaipiga maombi mengi kwenye Node na kwenye Bun. Bun ikaongoza mbali. Nikawaandikia wenzangu ripoti yenye grafu za rangi, tukahamisha huduma moja. Watumiaji hawakuona chochote. Nilipokaa kupima vizuri nikaona kwamba ombi halisi la huduma ile lilitumia karibu muda wake wote likingoja hifadhidata. Nilikuwa nimeharakisha kipande ambacho hakikuwa kikimchelewesha mtu yeyote. Bun haikuwa na kosa hata kidogo, ilifanya kile ilichosema. Mpumbavu alikuwa aliyepima neno moja akadhani amepima huduma.

Lakini sikurudi nyuma mikono mitupu. Kusakinisha vifurushi na kuendesha majaribio kulikuwa kwa haraka kiasi kwamba timu ilianza kuendesha majaribio mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kasi ya Bun niliihitaji kweli, ila kwenye meza ya mtengenezaji, na mimi nilikuwa nimeipeleka kwenye seva.

Jambo moja la pembeni: ushindani huu umemnufaisha hata asiyehama. Mwaka 2022 Node toleo la 18 lilikuja na fetch, funksheni ya kuomba data mtandaoni, ndani yake, pamoja na kiendesha majaribio chake. Tangu matoleo ya 22.18 na 23.6 inaendesha faili za TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data, bila bendera yoyote, kwa kuzifuta aina na kuendelea. Kuzifuta, narudia, bila kuzikagua. Deno na Bun nazo hazizikagui aina wakati wa kuendesha, kwa hiyo asije mtu akasema rantaimu ilimwahidi.

Hadi hapa nimezungumzia wakubwa watatu kama vile dunia inaishia kwenye seva. Sehemu ninayoipenda zaidi iko chini, kwenye vidogo.

V8 na JavaScriptCore hupata kasi yao kwa kuangalia msimbo unavyoendeshwa, kisha kuugeuza kuwa lugha ya mashine wakati programu inatembea. Ufundi huo una bei mbili: kumbukumbu, na muda wa kupasha moto. Mchakato mtupu wa Node, usiofanya lolote, unameza makumi ya megabaiti. Kwenye seva hakuna anayelia. Kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo, mtumiaji anagusa aikoni na kungoja. Tena kwenye iPhone programu za kawaida haziruhusiwi kutengeneza msimbo wa mashine wakati zinatembea. Sasa injini ya mbio ina faida gani kwenye barabara iliyopigwa marufuku mbio?

Hermes, iliyotolewa na Facebook mwaka 2019 kwa ajili ya React Native, zana ya kuunda programu za simu kwa JavaScript, ilikubali hali hiyo badala ya kupigana nayo. Msimbo unageuzwa kuwa baitikodi, yaani maagizo mafupi ambayo injini huyasoma moja kwa moja, mapema, mtengenezaji anapofungasha programu, ili simu isipoteze muda kusoma maandishi ya JavaScript. Ukiipima kwenye hesabu ndefu itashindwa na V8. Ukipima muda kutoka kidole kugusa aikoni hadi skrini kuitika, utaelewa kwa nini ilifanywa chaguo la kwanza la React Native tangu toleo la 0.70, mwaka 2022.

Halafu kuna QuickJS ya Fabrice Bellard na Charlie Gordon, ya mwaka 2019. Bellard ndiye aliyeanzisha FFmpeg ya kuchakata video na QEMU ya kuiga kompyuta, mtu ambaye sijui hulala saa ngapi. QuickJS imeandikwa kwa C, haitegemei kitu kingine, inawaka kwa sehemu ndogo ya milisekunde, na unaweza kuipachika ndani ya programu yako kama kipande cha kawaida. Chini yake zaidi kuna JerryScript, iliyotoka Samsung, inayoweza kuishi kwenye kifaa chenye RAM isiyofika kilobaiti 64 na hifadhi isiyofika kilobaiti 200. Kilobaiti, ndugu zangu. Picha moja ya simu yako haiingii humo. Mwenyeji huyu hana faili, hana npm, hana karibu kila kitu mlichozoea, na bado mtu anaweza kuandika humo sharti la kuwasha pampu na kulibadilisha bila kuandika upya programu nzima ya kifaa.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kwenye fani yetu imekuwa kweli kwa namna ambayo hawakuikusudia, maana mbio za kuwaka haraka zimeishia hasa ukingoni mwa mtandao, kwenye seva zilizo karibu na mtumiaji. (Kicheko.) Huko msimbo wako huwashwa ombi linapofika, na unaweza kuzimwa baada yake. Kampuni ya Cloudflare waliufungua msimbo wa rantaimu yao, workerd, mwaka 2022. Ni V8 ileile, lakini badala ya kumpa kila mteja mchakato wake, mchakato mmoja unabeba wateja wengi, kila mmoja ndani ya chumba chake kilichotengwa. Amazon nao mwaka 2024 walionyesha LLRT, ambayo ni QuickJS iliyovalishwa Rust, kwa ajili ya Lambda, huduma yao ya kuendesha msimbo ombi linapofika. Wanasema waziwazi kwamba bado ni ya majaribio, na kwamba haifai kwa hesabu nzito. Napenda mwenyeji anayekuambia mapema kwamba kitanda ni kifupi.

Na hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mwanzo. Kwenye Cloudflare Workers, huduma inayotumia workerd, ukiita Date.now() ili kujua saa, ukazungusha kitanzi mara milioni moja, ukaita Date.now() tena, unapata namba ileile. Saa imesimama. Inasogea baada ya data kuingia au kutoka, kwa mfano fetch inapojibu. Kwa nini? Kwa sababu ya Spectre, udhaifu wa vichakato uliotangazwa mwaka 2018, ambao humwezesha mshambuliaji kubaini siri za jirani kwa kupima tofauti ndogo sana za muda. Wapangaji wako ndani ya mchakato mmoja, kwa hiyo mwenyeji amewanyang'anya saa wote.

Sasa mrudieni yule mwenye simu mkononi. Anataka kujua ipi ina kasi, na kuna mwenyeji ambaye ndani yake huwezi hata kupima kasi kwa saa ya ndani. Atakuletea jedwali linaloonyesha sifuri na kudai ameshinda.

Kuna juhudi za kuwafanya wenyeji wafanane zaidi. Zilianza mwaka 2022 kwa jina la WinterCG, na sasa ni kamati ya Ecma, shirika la viwango lenye ule waraka wa lugha, TC55, inayoitwa WinterTC. Wanakubaliana juu ya kiwango cha chini cha pamoja: fetch, Request (ombi), Response (jibu), URL, mikondo ya data na kadhalika. Faida yake mtaiona mkiandika kiini cha huduma kama funksheni inayopokea Request na kurudisha Response. Deno inaielewa moja kwa moja, Bun vilevile, workerd vilevile, na Node inahitaji kipachiko kifupi. Kusoma faili, mazingira na hifadhidata viwekeni kwenye tabaka jembamba pembeni. Mimi huendesha majaribio yangu kwenye rantaimu mbili hata kama nitatumia moja, na mara zote ya pili hunionyesha mahali nilipojifungia bila kujua.

Kuhusu uhuria, nitasema kidogo. Leseni za hizi zote zinakuruhusu kuchukua chanzo na kwenda zako, lakini leseni haikuambii nani anaamua. Mwishoni mwa 2014 watunzaji wa Node walichoshwa na mwendo wa kampuni iliyoisimamia, wakajitenga na kuanzisha io.js. Mwaka uliofuata wakarudi pamoja chini ya taasisi huru, na toleo la 4 likatoka Septemba 2015 likiunganisha pande mbili. Nguvu ya chanzo huria niliiona hapo. Deno na Bun zenyewe zilikuja kuundiwa kampuni zenye wawekezaji, na mwelekeo wa V8 huamuliwa ndani ya Google. Kwa mradi wa mwezi mmoja hilo si neno. Kwa mfumo utakaoishi miaka 10, ningeuliza.

Mwenyekiti ananionyesha mkono. Kuna swali moja pale nyuma. Ndiyo, dada?

Anauliza: baada ya maneno yote hayo, wewe mwenyewe unatumia nini?

Haki yako kuuliza. Seva zangu zinazokaa muda mrefu ziko Node, kwa sababu matoleo yake ya utunzaji wa muda mrefu yanatunzwa miezi 30 na mimi sipendi kuamshwa usiku. Hati fupi nilizotumiwa na watu nisiowajua naziendesha Deno, na -A siandiki. Kusakinisha na majaribio, Bun. Kifaa kidogo kilichoko kwenye meza yangu kina JerryScript, na mara mbili nimeijaza RAM yake kwa orodha moja tu.

Ningeweza kuendelea, ila saa ya ukutani hapa haingoji fetch.